Mota ya boti Yamaha Enduro 40 inayoruka gia: nimetengeneza mguu, sikununua mota nyingine (Goma)

Mota yangu ni Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ya silinda mbili, inayokunywa esansi (petroli) iliyochanganywa na mafuta. Niliinunua okazioni, yaani ikiwa imeshatumika, na imepakwa rangi mara nyingi hata maandishi ya kofia hayasomeki. Inasukuma boti la mbao kwenye Ziwa Kivu, kati ya Minova na Kituku, soko la ufukweni hapa Goma, limejaa maharagwe, mihogo, makaa na abiria wenye haraka. Ugonjwa wake ulikuwa huu: ukiweka gia ya mbele inashika vizuri, lakini ukiongeza mwendo unasikia ka-ka-ka chini ya maji, gia inaachia, injini inalia bure na mawimbi yanaanza kuligeuza boti ubavu. Gia ya nyuma haikuwa na shida. Shemeji, ambaye ndiye nahodha, alifikia hatua ya kushikilia kijiti cha gia muda wote ili kisirudi.

Pale Kituku kila mtu ana dawa yake. Mmoja aliniambia ni elisi tu, lile pangaboi linalosukuma maji. Sikumdharau, maana katikati ya elisi kuna mpira uliobana bomba la ndani, na huku kwetu, ambako boti zinafika ufukweni kwa kugonga makoro (mawe ya volkano), mpira huo huchoka mapema. Kuupima ni rahisi: piga mstari mmoja wa rangi kuanzia bomba la katikati hadi kwenye elisi yenyewe, pakia boti, tembea, kisha utazame. Mstari ukikatika, mpira unateleza. Wangu ulibaki umenyooka. Isitoshe mpira ukiteleza hausikii kugonga, unasikia injini ikipanda tu. Kule kugonga ndiko kulikoniambia shida iko ndani ya mguu, yaani sehemu ya chini ya mota inayozama majini, kwenye ile pete ya chuma yenye meno ambayo mafundi wetu wanaiita krabo. Inateleza juu ya shafti ya elisi, inaingia kwenye gia ya mbele au ya nyuma. Kona zake zikishalika, nguvu ya injini inaisukuma itoke.

Kabla ya kutoa hata dola moja kwa ajili ya mguu, nilimwomba fundi aanze juu. Hili watu wengi wanaliruka. Akafungua buji (plagi), akapima kompresio, yaani mgandamizo ndani ya silinda, silinda zote mbili zikakaribiana sana. Yeye anasema zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, hiyo mota haifai kuwekewa gia mpya, kwa sababu utakuwa umemnunulia miguu mtu anayekata roho. Yangu ilikuwa nzima. Hapo ndipo nilianza kusikiliza bei.

Tukamwaga mafuta ya gia. Yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yanaingia kupitia mipira ya shafti. Unga mwembamba wa chuma ulikuwepo, lakini hapakuwa na kipande cha kushikika kwa vidole. Fundi akatabasamu: “Papa, meno bado yapo, ni kona tu zimekwisha.” Akafungua mguu wote nikiwa nimesimama pale, na skrubu zote zikatoka bila hata moja kukatika. Hiyo ndiyo baraka ya ziwa la maji matamu. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, ambaye mota yake inaoga chumvi, angeongea mengine.

Ndiyo sababu pia nilikataa mguu wa okazioni ambao niliombwa dola 600. Ulikuwa umetoka pwani, rangi nzuri kabisa, lakini ukichungulia kwenye matundu ya skrubu unaona ile nyeupe ya alumini iliyoliwa na chumvi. Na muuzaji hakutaka mafuta yake yamwagwe mbele yangu. Nikaondoka.

Kulikuwa pia na fundi wa kuchomelea aliyetaka kuongeza chuma kwenye kona za krabo halafu azichonge kwa tupa, kwa bei ya chakula cha mchana. Msikubali. Chuma kile kimepikwa kiwandani ili ngozi ya juu iwe ngumu sana. Moto wa kuchomelea unaiua ile ngozi, tupa inamaliza iliyobaki, na utarudi kulekule ukiwa katikati ya ziwa.

Rafiki mmoja mfanyabiashara alinishauri niachane na uzee, ninunue farasi 25 ya stroki nne, haili esansi sana. Kwa kuvua sambaza, wale samaki wadogo, labda. Kwa mzigo wangu hapana. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mota inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile 40 yangu yenyewe si 40 hapa. Hiyo 25 ingebaki kama 21, na boti limejaa makaa hadi juu.

Basi tukatengeneza. Muuzaji wa piesi (vipuri) alitaka kuniuzia krabo peke yake, lakini fundi alikataa, na alikuwa na haki: gia ya mbele nayo ina meno yanayoshikana na krabo, na yalikuwa yameliwa vilevile. Ukiweka mpya kwenye ya zamani, ya zamani inaila mpya. Tuliweka krabo, gia ya mbele, mipira yote ya kuzuia maji, na mpira wa pampu ya kupoza injini, maana mguu ukishashuka ni upumbavu kuurudisha na mpira wa zamani. Piesi zilitoka Kampala na zilichelewa sana. Jumla na kazi: dola 340.

Sasa malalamiko. Gia mpya ikikutana na pinyoni ya zamani, ile gia ndogo inayoizungusha, inabidi nafasi kati ya meno ipimwe kwa kifaa, na vipande vyembamba vya chuma viongezwe au vipunguzwe. Fundi wangu alipima kwa kutikisa shafti na kusikiliza kwa sikio. Mota inalia kidogo kwenye mwendo wa chini, mlio wa juu ambao haukuwepo. Mafuta niliyobadilisha baadaye yalitoka safi, bila maji wala vipande, kwa hiyo sijaogopa, lakini kazi ya namna hiyo haistahili nyota tano. Ninampa nne.

Gia haijaruka tena, hata tukiwa na mzigo na upepo wa mchana. Ugomvi umebaki kati yangu na shemeji, ambaye anaamini gia inawekwa taratibu kwa heshima ya mashine. Kumbe upole huo ndio unaozila kona: meno yanagongana na kusagana kabla ya kuingia. Punguza mwendo hadi chini kabisa, kisha sukuma kijiti mara moja, kwa nguvu. Bado anaona ninaitesa mota.

Wanaoniuliza kuhusu fundi: anapatikana asubuhi nyuma ya soko la Kituku, mchana huwa yuko majini. Elewaneni bei ya kazi kabla hajashika ufunguo, simama pale anapofungua, na mafuta nunua mwenyewe, SAE 90 ya gia za mota za boti. Yajazwe kutoka tundu la chini hadi yatokeze juu, kisha skrubu ya juu ifungwe kwanza. Yeye hupenda kujaza kwa juu kwa sababu ni haraka, na hewa inabaki ndani.