"Labda ni mkono wako": uzoefu wangu na muuza slabu

Nimekasirika, nalisema mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nilidhani yamekwisha. Nikakaa niandike kwa utulivu, nikakumbuka sentensi yake ya mwisho kwenye simu, na hasira ikarudi yote kana kwamba ni jana.

Mimi hutengeneza meza nyumbani. Si kazi inayonilipa mshahara. Nina banda nyuma ya nyumba, randa, mashine ya ruta (ile ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka), mashine ya msasa, na jiriwa moja kuukuu inayobana vidole vyangu vizuri kuliko inavyobana mbao. Ninachopenda ni slabu: ubao mmoja mpana uliopasuliwa kwenye gogo zima, kingo zake zikaachwa na mawimbi ya mti wenyewe. Nilikuwa nimeshatengeneza meza ndogo ndogo za sebuleni, hakuna aliyelalamika. Ndipo wifi yangu akataka meza ya kulia, ya watu 8. Wenye mawifi mnajua. Hiyo si oda, huo ni mtihani.

Muuzaji nilielekezwa na mtu. Simtaji jina, na msiniulize. Picha zake ni nzuri, hilo simnyang'anyi. Nilichagua mbao mbili za mvule, pacha, zilizopasuliwa moja baada ya nyingine kwenye gogo lile lile: kila moja urefu wa mita 2.4, upana kama sentimita 90, unene sentimita 6. Moja ya wifi, moja yangu mwenyewe ya baadaye. Nikauliza swali ambalo kila mtu huuliza. Ni kavu?

"Dada yangu, kavu kabisa. Hizo zina miaka mitatu."

Nikapiga hesabu kichwani. Mafundi husema mbao ya kukaushwa kwa hewa inataka kama mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Kwa sentimita 6 ni miaka miwili na nusu hivi. Mitatu inatosha na kubaki. Nikalipa zote mbili.

Zililetwa siku aliyoahidi. Ncha zimepakwa rangi zisipasuke, kingo zimefungwa maboksi, na vijana wake wanne wakaziingiza bandani bila kukwaruza hata fremu ya mlango. Kama ningeandika maoni haya jioni ile, ningempa nyota 5 na kuuliza kama kuna ya 6. Nilipaswa kushtuka nilivyoona wale vijana wanahema. Wanne, wenye mabega, na bado waliweka chini mara mbili njiani.

Na nilipima. Naomba lieleweke hilo kabla mtu hajaja kunifundisha. Nina kipima unyevu, kile chenye pini mbili. Nilizichoma juu ya ubao sehemu tano sita, kikasoma asilimia 11, nikafurahi. Fanicha ya ndani inatakiwa iwe humo humo, kati ya 8 na 12. Nisichokifikiria ni kwamba pini zenyewe zina urefu wa kucha. Nilikuwa nimepima ngozi ya mbao nikadhani nimepima mbao.

Kazi ya kusawazisha sitaieleza kwa kirefu. Unatega reli mbili, ruta inapita juu yake huku na huku kama mtu anayepiga deki, unakula vumbi siku mbili. Vumbi la mvule linawasha pua na shingo, vaeni barakoa. Halafu mvule una tabia ya kuficha mawe: chokaa ngumu ambayo mti unaitengeneza tumboni mwake, na kisu cha ruta kikikutana nalo hakitoki salama. Changu kimoja kilikufa hapo. Simlaumu muuzaji kwa jiwe. (Siku ile nilimlaumu. Leo simlaumu.)

Ila kuna kitu nilikiona, na ndicho kinachoniuma. Nilipopitisha randa kumalizia, maranda hayakuwa yakivunjika. Yalitoka marefu, laini, yakijikunja kama utepe, na nilipoyashika kiganjani yalikuwa ya baridi. Ya baridi, saa nane mchana, ndani ya banda la bati. Nikasema, "Lo, randa imenolewa vizuri." Nikajisifu! Mbao ilikuwa inaniambia ina maji, mimi najipongeza kwa kunoa.

Nikapiga msasa, namba 80, 120, 180, kutoka wa kukwaruza hadi laini, nikapaka mafuta tabaka tatu, nikaifunga kwenye fremu ya chuma kwa skrubu 12 nilizozikaza barabara. Wifi akaipokea. Akapitisha mkono juu yake kwa kimya, na wifi yangu si mtu wa kimya. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Sikumbuki zilipita wiki ngapi, sita au saba. Usiku nikapata ujumbe: "Wifi, meza yako imelia." Nikadhani utani. Asubuhi akanipigia: watoto waliamka wakidhani kabati limeanguka. Mlio mmoja tu, kama mtu amevunja ubao gotini, halafu kimya.

Nilikwenda. Ufa ulianzia kwenye ncha moja ukaingia ndani karibu robo tatu ya mita, na pale mwanzoni nilichomeka penseli ikasimama yenyewe. Mtoto wa pili wa wifi akaongeza kijiko. Meza yenyewe ilikuwa imeanza kujikunja kama kiganja kinachotaka kupokea maji. Sahani kubwa ukiiweka katikati inacheza. Wifi hakusema kitu. Alisimama amekunja mikono, ananiangalia mimi, si meza.

Sasa simu.

Kwanza niliitwa "dada yangu." Nikaeleza vizuri, bila ukali, nikatuma picha. Akasema mbao ni kitu chenye uhai, dada, mbao inapumua. Nikamwambia sikununua mapafu, nilinunua ubao mkavu. Hapo nikawa "mama." "Mama, mbao hata ikiwa kwenye nyumba ya rais itapumua." Nikamuuliza kwa nini basi asiandike chini ya picha zake kwamba zinapumua, ameandika KAVU kwa herufi kubwa. Hapo nikawa "wewe."

"Wewe, mafundi wangapi wamechukua mbao kwangu? Hakuna aliyerudi. Labda ni mkono wako."

Akakata.

Labda ni mkono wako. Nimetukanwa kwenye biashara, nimeshaambiwa sina hela, nimeshaambiwa nisubiri kumbe mtu ameshahama. Hakuna lililowahi kuniingia kama hili. Nilikuwa nikinawa naangalia mikono. Nyota 1, na hiyo 1 ni kwa sababu huwezi kuweka sifuri.

Ili nimpatie ushahidi mpaka aombe msamaha, nikauchukua ule ubao pacha. Nikaukata sentimita 30 kutoka kwenye ncha, maana ncha hukauka kabla ya kwingine na ukipima hapo unadanganywa. Nikapima papo hapo kwenye mkato mpya. Karibu na uso: 12. Katikati, kwenye moyo wa ule unene: 23. Nikarudia mara nne, nikabadilisha betri, ikawa 23.

Nikapiga hesabu ya maji. Ili ubao mmoja ule ushuke mpaka unapotakiwa kuwa, ulihitaji kutoa lita 6 au 7. Nilikuwa nimempelekea wifi meza yenye zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 10 ya maji ya ziada ndani yake, nimeipaka mafuta juu.

Nikampigia tena. Safari hii nilikuwa mpole kama nyoka. Nikamuuliza tu: ile miaka mitatu, ni miaka mitatu ya nini?

"Si nilikwambia? Mti ulianguka miaka mitatu iliyopita."

"Na mbao zilipasuliwa lini?"

Kimya. Nikasikia msumeno unanguruma nyuma yake. "Aah, kupasuliwa... kupasuliwa ni juzi juzi tu hapa. Kabla hujaja."

Nilikaa chini. Gogo zima likilala na gome lake halikauki, linalala tu; linaweza kulala miaka na ndani likabaki bichi. Saa ya kukauka inaanza kuhesabu siku msumeno unapopita. Kila fundi anajua, na yeye anajua. Lakini nilipoyarudia maneno yake moja moja nikitafuta uongo, sikuupata. Niliuliza "ni kavu?" akajibu kwa umri wa mti. Nilipaswa kuuliza: zimepasuliwa lini, zimepangwa na vijiti katikati au zimelaliana, zimekaa kivulini au juani. Maswali matatu. Sikuuliza hata moja. Kweli, alisema "kavu kabisa," na huo ni uongo, narudisha maneno yangu, huo ni uongo. Ila ile miaka mitatu nilijidanganya mwenyewe.

Halafu kuna skrubu.

Hapa ndipo ninapopata shida na nyota zangu. Ubao wa upana wa sentimita 90 ukitoka kwenye ule unyevu ukafika kwenye hali ya chumba, unaweza kupungua karibu sentimita 1 kwa upana. Kwa urefu haupungui kitu cha maana, ni upana. Hata mbao kavu kweli hucheza kidogo, inavimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa hewa ikikauka. Ndiyo maana matundu kwenye fremu ya chuma yanatakiwa yawe marefu, yaelekee upande wa upana, skrubu iwe na washa (kile kipete bapa cha chuma) na isikazwe mpaka mwisho, ili mbao ipate pa kutelezea. Mimi nilitoboa matundu ya duara, yanayobana skrubu kabisa. Kumi na mbili. Nikakaza mpaka kiganja kikauma. Mbao ikataka kusinyaa, chuma kikakataa, mmoja lazima akubali. Akakubali mvule.

Kwa hiyo mkono? Nusu. Nusu ni mkono. Yaani yule mtu, aliyeniuzia mbao bichi kwa umri wa gogo, akanikatia simu, alikuwa sahihi nusu, na hilo limenikasirisha kuliko kama angekuwa amekosea kabisa. Maana sikuweza kumpigia mara ya tatu.

Niliirudisha meza bandani nikaigeuza juu chini. Nikaanza kufungua skrubu. Ya kwanza, ya pili, hakuna kitu. Nilipofika ya saba au ya nane, mbao ikatoa sauti, si kubwa, kama mtu anayeketi kwenye kiti baada ya safari, na ule ufa ukajifunga kidogo machoni pangu. Milimita mbili hivi. Naona aibu kuandika neno linalofaa hapo. Mnalijua. Lile lile lililonipandisha mori kwenye simu.

Niliiacha miezi kadhaa bila fremu, juu ya vijiti, ipate hewa juu na chini. Kisha nikachonga vipande vitatu vya mpingo vyenye umbo la kipepeo, nikavizamisha kwa patasi kukatiza ufa usiendelee, nikasawazisha tena ule mkunjo, nikapanua matundu yote 12. Kipepeo cha kwanza kimekaa vibaya, ukipitisha ukucha unasikia. Cha tatu ni kizuri sana. Wifi anawaambia wageni kwamba ndiyo mtindo, kwamba aliomba hivyo. Mimi nikiwepo huangalia ukutani.

Sasa nyota. Kwa mbao yenyewe, rangi yake, nyuzi zake zinavyobadilika ukizunguka meza asubuhi na jioni, 5. Sijaona mvule mzuri kama ule. Kwa usafirishaji, 5. Kwa ukweli, 1. Kwa mdomo, nimeshasema. Nilikuwa nimeandika jumla 3, nikasoma tena pale kwenye "wewe," nikaweka 2. Je, ningenunua tena kwake? Hapana. Au ndiyo, lakini niwepo siku ya kupasua, niandike tarehe kwa penseli kwenye ncha kwa mkono wangu mwenyewe, huo huo anaousema.

Ule ubao pacha umelala bandani juu ya vijiti, dirisha wazi. Nilikata kwake kipande kingine chembamba, nikakipaka rangi kwenye mikato, na kila Jumapili nakiweka kwenye mizani ya jikoni. Kikiacha kupungua uzito, nitajua. Kilianza na kilo 4 na gramu 130. Jumapili iliyopita kilikuwa kilo 3 na gramu 940, na ile iliyotangulia 3 na 955. Bado kinashuka.