R mraba 0.9999, na bado jibu ni uongo

Naandika nikiwa bado nina hasira. Kama kazi yako ni kupima uzito wa molekuli za polima, programu hii ya kromatografia (mbinu ya kutenganisha molekuli kwa ukubwa) iogope.

Mapema mwaka huu tuliletewa mpira wa asili kutoka Muheza. Nikauloweka kwenye kiyeyushi cha tetrahidrofurani siku mbili, nikachuja, nikapitisha standadi 10 za polistairini (plastiki ambayo uzito wa molekuli zake unajulikana tayari), ndogo kabisa ya 1,000 hivi, kubwa ya 1,200,000. Programu ikachora mstari wa kalibresheni, ule unaogeuza muda wa kutoka kuwa uzito, ikaandika R mraba 0.9999 (1 maana yake mstari umepita kwenye nukta zote) kwa rangi ya kijani. Nani asingefurahi? Nikapitisha sampuli. Jibu: Mw, yaani wastani wa uzito wa molekuli unaozipa kubwa nguvu zaidi, milioni 34.

Mpira wa asili unacheza kwenye milioni moja, mbili hivi. Milioni 34! Nikaosha kolamu (bomba ambamo molekuli hutengana), nikabadili vichujio, nikarudia standadi zote. Siku tatu zimekwenda, na kimiminika chenyewe kina bei mbaya. Namba ni ileile.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanisikiliza nusu, akasema, "Dada, programu haikosei, hiyo sampuli yako ni chafu." Nikamwambia standadi zimekaa vizuri. Akasema, "Basi mpe simu mkemia wenu niongee naye." Mkemia ni mimi! Miaka 11 niko kwenye mashine hizi. Nilikata simu mikono inatetemeka.

Tatizo nililiona mwenyewe usiku, nilipovuta grafu hadi nje ya standadi kubwa kabisa. Kwenye kolamu molekuli kubwa ndizo zinazotangulia kutoka, kwa hiyo sehemu ya mpira wangu ilitoka kabla ya standadi kubwa kuliko zote. Huko hakuna nukta ya kuushika mstari. Na programu, bila kuniuliza, ilikuwa imechagua polinomia ya daraja la tano, yaani mlinganyo wa mstari wa kupinda wenye kipeo cha tano. Katikati ya standadi mstari umetulia kabisa. Ukivuka tu, unajikunja kwenda juu kama mkia wa nge. Mw huvutwa na molekuli kubwa, basi kile kipande chembamba cha mwanzo wa kilele cha grafu kikaharibu jibu zima. Mn, ambayo ni wastani wa idadi (kila molekuli, ndogo kwa kubwa, inahesabiwa sawa), wala haikushtuka. Na ile 0.9999? Mstari wenye vigezo 6 kwenye nukta 10 utaacha kupita karibu nazo kwa nini?

Najua wapo watakaosema polistairini si mpira, tumia mlinganyo wa Mark-Houwink wa kurekebisha tofauti hiyo, tumia kalibresheni ya jumla waliyoionyesha Benoit na wenzake mwaka 1967. Sawa kabisa. Lakini marekebisho hayo hayanyooshi mstari uliopinda.

Nikashusha hadi daraja la tatu, nikaazima standadi ya milioni 3 maabara ya jirani. Mw ikashuka hadi milioni 1.9. Na hapa lazima nitende haki: tangu hapo programu imefanya kazi vizuri sana. Kuchora mstari wa chini ya kilele ni rahisi, kromatogramu nne unazipandanisha kwa kubofya mara moja, ripoti inatoka safi. Nilikuwa nimeshaipa nyota nne.

Halafu nikakumbuka ripoti za nyuma. Nikafungua moja tuliyompelekea mteja miezi kadhaa iliyopita. Daraja la tano. Kilele kimeanza kabla ya standadi kubwa kabisa, na chini kuna saini yangu. Neno moja jekundu pembeni ya namba, "nje ya kalibresheni", lingeniokoa. Halikuwepo! Zile nyota nne nimezifuta, nimeacha moja.

Bosi anauliza kama tuhuishe leseni. Wiki iliyopita ningesema ndiyo, na pengine kesho nitasema ndiyo tena, kwa sababu kujifunza programu nyingine kunachukua miezi. Leo sijamjibu. Naandika barua ya kumwomba yule mteja radhi.