Chupa za chai za dola 86 zilizonitoka dola 189

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa, leo naitoa.

Mama alikuja kututembelea hapa Columbus, Marekani, kutoka Tanga, na asubuhi ya kwanza tu akaniuliza, "Mwanangu, chupa ya chai iko wapi?" Sikuwa nayo. Nilikuwa na vile vikombe virefu vya chuma vyenye mrija, ambavyo huku kila mtu anazunguka navyo kwenye gari. Mama alikishika kimoja, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani bila kusema neno. Yeye anataka chupa yenye mkono na mdomo wa kumiminia, inayokaa kwenye sinia na vikombe vyake, wageni wakija wanamiminiwa. Nikazipata mbili, moja ya chai moja ya kahawa, kwenye duka la mtandaoni la Uingereza. Dola 86 zote mbili, na nauli dola 22. Nikalipa nikiwa na furaha.

Na Uingereza niliichagua makusudi. Habari za ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China nilikuwa nazisikia tangu Aprili 2025, ulipopandishwa mpaka asilimia 145, kisha wakaushusha mwezi uliofuata. Nikajisemea, huko siendi. Vitu vya Uingereza nyongeza yake ya ushuru wakati ule ilikuwa asilimia 10, hiyo ningeimudu.

Siku chache baadaye ukaja ujumbe kwenye simu: mzigo wako umezuiwa, lipa dola 81. Nikajua ni matapeli, nikaufuta. Ukaja wa pili. Ukaja wa tatu, wenye namba ya mzigo ambayo kweli ni yangu. Dola 81 kwa vitu vya dola 86! Nikapiga simu kampuni ya usafirishaji.

Nilisubiri kwenye laini dakika arobaini hivi. Aliyepokea hakuniuliza hata hujambo. Nikamweleza pole pole kwamba mzigo umetoka Uingereza, ushuru hauwezi kuwa mkubwa kiasi hicho. Akanijibu, "Usipolipa tutauharibu." Hakusema tutaurudisha. Tutauharibu! Nikamwomba anichanganulie hiyo 81, kiasi gani ni ushuru na kiasi gani ni chao. Akasema yote yako kwenye bili, na watu tuwe tunasoma kabla ya kununua. Kisha akakata simu.

Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee miaka mingi. Nimetukanwa na watu wenye maumivu nikawajibu kwa upole, kwa sababu ndiyo kazi. Huyu alikuwa amekaa kwenye kiti, anaulizwa swali moja la hesabu na mteja anayemlipa. Sijasahau sauti ile, na sidhani nitaisahau.

Nililipa. Mama alikuwa anasubiri chupa zake.

Aliyenifumbua macho ni kaka mmoja wa Mombasa tunayefahamiana hapa, amefanya klaringi, yaani kazi ya kuwatolea watu mizigo forodhani, bandarini kwao kabla ya kuja huku. Nikamtumia picha ya bili. Akaniambia, "Dada, hebu pindua chupa usome kitakoni." Nikapindua. Imetengenezwa China.

Ndipo nikaelewa. Forodha haiangalii duka liko wapi wala ndege imeruka kutoka wapi. Inaangalia bidhaa imetengenezwa wapi. Chupa inaweza kukaa ghala la Uingereza mwaka mzima, ikavishwa boksi zuri la Kiingereza, ikifika Marekani bado ni ya China na inatozwa kama ya China. Ushuru wa kawaida wa chupa za aina hii ni karibu asilimia 7, na juu yake bidhaa nyingi za China wakati ule zilikuwa zinabeba nyongeza ya asilimia 30. Zamani nisingeyajua haya, kwa sababu mzigo usiozidi dola 800 ulikuwa unapita bila ushuru. Mlango huo ulifungwa kwa China na Hong Kong mwezi Mei 2025, na tarehe 29 Agosti ukafungwa kwa dunia nzima.

Sawa. Hapo nikubali, yule wa simu kwenye ushuru hakudanganya. Nilikuwa tayari kuandika kwamba kampuni ni wezi, nikasita.

Lakini kaka hakuishia hapo. Akauliza, "Mbona wamepiga ushuru juu ya dola 108?" Kumbe walichukua bei ya chupa wakajumlisha na nauli. Kwetu Afrika Mashariki ndivyo inavyokwenda kwa mzigo wa meli, thamani ya forodha ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli mpaka bandarini. Marekani siyo. Hapa nauli ya kimataifa haiingii kwenye hesabu, mradi imeandikwa peke yake kwenye ankara. Na kwenye ankara yangu iliandikwa peke yake, mstari wake kabisa. Mtu hakusoma. Huyo huyo anayeniambia mimi nisome!

Nikaandika malalamiko na ankara nikaambatanisha. Baada ya muda mrefu wakarudisha dola nane na kitu. Mwanamke aliyenijibu safari hii alikuwa mstaarabu, aliomba radhi na kunieleza kila mstari, na nikisema kampuni nzima ni mbaya nitakuwa nimemdhulumu. Kama angepokea yeye ile simu ya kwanza, nisingekuwa naandika haya.

Ila mistari hiyo aliyonieleza ndiyo imenipandisha tena. Ushuru ulikuwa dola arobaini na kitu. Dola 38 zilizobaki ni zao: ada ya uwakala wa forodha, na ada ya kutanguliza malipo, yaani wamenilipia ushuru serikalini kisha wananitoza kwa kunilipia. Nani aliwatuma? Mbona hawakuniuliza kwanza? Na duka nalo halina pa kujificha. Lilijua linauza kitu cha China kwa mtu wa Marekani, na yapo maduka yanayotoza ushuru pale pale unapolipia, ukijua moja. Hili lilinyamaza, likachukua pesa yake.

Chupa zenyewe sina neno nazo. Chai ya tangawizi inayotiwa usiku inatoka na mvuke alfajiri, na mama hazitoi machoni. Juzi walikuja kina mama wanne wa hapa kwetu, sinia likawekwa katikati, nikamwona amekaa kama yuko barazani kwake Tanga. Kwa hilo ningelipa hata zaidi. Ushuru ningeulipa bila kunung'unika kama ningeambiwa mapema.

Zile 38 hapana. Barua ya tatu nimeituma wiki hii, na nazidai zote.