Zawadi ya mwenyeji ughaibuni: ya kuliwa au ya kuwekwa?

Cha kuliwa kina faida moja kubwa: kikiisha, kimeisha. Mwenyeji halazimiki kukitafutia nafasi sebuleni. Kasoro yake ni forodha. Umoja wa Ulaya kwa kawaida humzuia msafiri atokaye nje kuingia na nyama au maziwa, na Australia ni wakali hata kwa mbegu. Asali nayo huhesabiwa kimiminika. Chupa ikizidi mililita 100, viwanja vingi vya ndege havitakuruhusu kupanda nayo mkononi.

Cha kuwekwa, tuseme kitambaa, hakiozi wala hakivunjiki, ila sharti ujue anachopenda mtu. Gharama? Inategemea mfuko wako.

Kwa mwenyeji usiyemjua, mimi ningebeba majani ya chai, pakiti haijafunguliwa. Kwa rafiki wa siku nyingi, kitambaa, tena bila kibandiko cha bei.