Deki yangu ya kontroli ya 2018 nimeifanyia matengenezo, hii hapa rivyuu yake

Wakuu salama? Leo nina rivyuu ya kitu ambacho hakiuzwi kwenye boksi moja, yaani kuifufua deki (fungu la kadi) ya kontroli, ile ya kuzima mipango ya mpinzani na kushinda polepole, ya rangi za bluu na nyeupe, ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering kwenye fomati ya Modern (fomati ndo inaamua kadi zipi zinaruhusiwa). Ni ile ya enzi za 2018, kadi ya Jace, the Mind Sculptor ilivyotolewa kifungoni (orodha ya kadi zisizoruhusiwa) mwezi wa pili na kila mtu mwenye Island mbili, ardhi za bluu, akaanza kujiita profesa. Mimi nipo Ujerumani, deki ilikua imelala kabatini muda mrefu maana dukani kwetu watu walihamia Commander, fomati nyingine, sasa Modern ya Ijumaa imerudi nikasema ngoja niitoe nione kama bado inapumua.

Kwa wenye haraka: kama kadi zako za ardhi unazo tayari, yaani Flooded Strand na Hallowed Fountain, fanya, hela inarudi kwa raha utakayoipata. Kama unaanza sifuri achana nayo, tafuta deki ya kushambulia ushinde mechi zako mapema uwahi kulala.

Haya sasa wenye muda tuendelee. Tatizo la deki ya zamani sio kwamba kadi zake ni mbovu, tatizo ni mana, yaani nguvu ya kulipia kadi, ambayo inatoka kwenye ardhi unazoshusha moja kila zamu. Ile deki ilikua inaanza kuishi zamu ya nne, hapo ndo unapata kadi za mana nne kama Cryptic Command, Jace, Supreme Verdict, alafu zamu ya tano anashuka Teferi, Hero of Dominaria unaanza kutabasamu. Sasa kati ya 2019 na 2024 zimetoka seti tatu za kadi za Modern Horizons na fomati imekua nyepesi kupita maelezo, mtu anashusha kiumbe cha mana moja kama Ragavan zamu ya kwanza, au Guide of Souls na Ocelot Pride, na ukifika hiyo zamu yako ya nne unakuta una laifu (uhai) saba na meza imejaa paka. Kwa hiyo matengenezo yote niliyofanya yana sheria moja tu, kila hela inayotoka inunue jibu la bei rahisi ya mana, sio dude kubwa la kumalizia mchezo. Na uzuri wake ni kwamba majibu ya mana ndogo mengi ni ya hela ndogo pia.

Mfano Counterspell yenyewe. Kadi ipo tangu 1993, ila Modern ilikua hairuhusiwi mpaka Modern Horizons 2 ya 2021, sisi tulikua tunahangaika na Mana Leak, mtu anakuangalia usoni analipa mana tatu kadi yake haizimwi anaendelea na maisha yake. Counterspell haiulizi mtu hela, mana mbili za bluu uchawi (kadi anayocheza) umezimwa basi. Imechapishwa mara nyingi mno kwa hiyo bei yake ni ya chai. Nimeweka nne sijafikiria mara mbili.

Pembeni yake nimeweka No More Lies ya 2024, na hii nataka niitetee maana kuna watu wanaidharau kwamba ni Mana Leak yenye rangi. Ndio, mpinzani akilipa tatu anapita, lakini asipolipa ule uchawi hauendi kaburini (rundo la kadi zilizotumika), unatolewa nje ya mchezo kabisa. Sasa kama dukani kwenu kuna mtu wa Boros, deki ya nyekundu na nyeupe, na kiumbe wake Phlage (na nakuhakikishia yupo) utanielewa. Phlage ukimzima kwa Counterspell analala kaburini anasubiri kuamka kwa bei ya mana nne na kadi tano za kaburi, ukimzima kwa No More Lies kaondoka na shughuli imeisha. Tofauti hiyo moja imenipa mechi ambazo deki ya zamani ingekua imekufa. Na bado ni ankomoni (sio kadi adimu), hela ndogo.

Prismatic Ending nayo ni ankomoni ya Modern Horizons 2 na inafanya kazi ambayo zamani nilikua nafanya kwa kadi tatu tofauti. Mana moja inaondoa Ragavan, mana moja inaondoa Amulet of Vigor, mana mbili za rangi mbili inaondoa kitu cha mana mbili, na inaondoa kwa kutupa nje ya mchezo. Ubaya wake ni sosari, unapiga kwenye zamu yako tu, na deki ya rangi mbili kama hii haifiki kitu cha mana tatu. Mimi naweka nne, wengine wanaweka tatu, tusigombane.

Path to Exile usiziuze. Najua zimeshuka thamani na najua inauma kumpa mpinzani ardhi ya bure zamu ya pili, ila bado ni mana moja na kiumbe kimeondoka bila maswali.

Sasa tuje kwenye zilizoniuma mfukoni. Solitude ni adimu ile ya juu kabisa, na kwenye matengenezo haya ndo iliyokula hela kuliko kitu kingine chochote, nilikaa nayo kwenye kapu la Cardmarket, soko la kadi mtandaoni, natoa narudisha natoa narudisha mpaka nikajiona mjinga. Nimenunua za hali ya GD (zilizotumika kidogo), kingo zimechubuka kidogo, ndani ya plastiki huoni kitu, na hakuna jaji atakayekusumbua mradi migongo isitofautiane. Je inastahili? Kiukweli ndio, na ndo kadi iliyobadilisha deki kuliko zote. Unaitoa bila mana kwa kutupa kadi nyingine nyeupe, kiumbe cha mpinzani kinaondoka, yeye anapata laifu kadhaa poa. Alafu mchezo ukirefuka unailipia tano kamili, sasa una jibu na kiumbe cha 3/2 (nguvu tatu, uimara mbili) kinachokurudishia laifu kikishambulia. Hakuna kitu deki ya 2018 ilikua nacho kinachofanana na hicho. Ukiwa na hela ya kadi moja tu ya ghali nunua hii.

Force of Negation ya 2019 ni ya pili kwa umuhimu, unaipiga bure kwenye zamu ya mpinzani kwa kutupa kadi ya bluu. Haigusi viumbe, kwa hiyo mbili zinatosha kwenye sitini zako na nyingine iende saidibodi (kadi za akiba za kubadilisha kati ya michezo). Wale wanaoshauri nne kwenye deki kuu nadhani dukani kwao hakuna Energy, ile deki ya viumbe vidogo ya Boros.

Teferi, Time Raveler, yule pleinswoka (mhusika anayekaa mezani na kutumia nguvu zake) wa mana tatu, kama ulistaafu kabla ya 2019 hujamuona na utamchukia ukiwa upande wa pili. Aliwahi kufungiwa kwenye fomati ya Standard 2020 na ukimtumia utajua kwa nini, mpinzani hawezi tena kupiga kitu kwenye zamu yako, basi tena zamu yako inakua ya kwako kweli. Anarudisha kiumbe mkononi unavuta kadi. Ila Jace mwenyewe nimemtoa. Najua najua, kumtoa Jace ni kama kuuza baiskeli ya marehemu babu, ila sikilizeni, kuna Orcish Bowmasters tangu 2023, kiumbe kinachopiga kila mpinzani wake anapovuta kadi ya ziada. Jace kaingia na laifu tatu, ukivuta kadi tatu kwa ile nguvu yake ya sifuri na Bowmasters yupo mezani, kila kadi ni pigo moja, tatu kwa tatu Jace kafa na jeshi la orki limekua. Hiyo sio kadi ya mana nne tena, hiyo ni msaada kwa mpinzani. Snapcaster Mage naye ni mwathirika wa huyo huyo, kiumbe cha 2/1 kinachukuliwa na pigo moja. Nimebakisha mmoja kwa mapenzi tu.

Nafasi ya Jace kachukua The Wandering Emperor ya 2022. Anashuka kwenye zamu ya mpinzani na anafanya kazi hapo hapo, kiumbe kilichoshambulia kinatolewa nje unapata laifu mbili, ukirudi zamu yako una mana zote na pleinswoka mezani. Maana yake hulazimiki tena kuchagua kati ya kushika Counterspell mkononi au kushusha kitu. Unasubiri, akicheza kitu kibaya unazima, asipocheza unamshusha Emperor. Kwa watu wa kontroli hiyo ni starehe ya ajabu.

Lakini kama kuna kadi moja nataka mtu aondoke nayo hapa ni Lórien Revealed. Ni komoni (daraja la kawaida kabisa) wakuu! Ya 2023. Inasomeka kama kadi ya kivivu ya mana tano unavuta tatu, ila kwa mana moja unaitupa na kuchukua ardhi yoyote yenye aina ya Island, na Hallowed Fountain ina aina hiyo, na Meticulous Archive pia ina aina hiyo. Kwa hiyo mwanzoni ni ardhi, mwishoni ni kadi tatu, katikati ni kadi ya bluu ya kutupia Force of Negation. Nimepunguza ardhi nikaziba na hizi na sijakwama kama zamani, ile hali ya kukaa na Cryptic mkononi na ardhi mbili mezani unachekwa imepungua kabisa. Hiyo Meticulous Archive inaingia imelala (haitoi mana hapo hapo), ndio, ila ukiivuta na Flooded Strand mwisho wa zamu ya mpinzani haikuumi na unachungulia kadi ya juu unaamua ibaki au iende kaburini. Moja inatosha, mbili ukiwa mpenzi. Celestial Colonnade, ardhi zinazogeuka kiumbe, nilizokua nazo nne zimekaa pembeni, mana tano kuamsha kiumbe cha 4/4 kinachoruka siku hizi ni anasa.

Kufagia meza, yaani kadi za kuondoa viumbe vyote kwa mpigo: Terminus zimeuzwa zote. Supreme Verdict imebaki moja kwa sababu haizimwi. Wrath of the Skies ya 2024 ndo fagio kuu sasa, unachagua mwenyewe ukubwa wa X, ukilipa mana tatu unafagia kila kiumbe, atifakti (kifaa) na enchantimenti (uchawi unaokaa mezani) ya mana moja kushuka chini, mana nne za mbili. Dhidi ya Energy zamu ya tatu mpinzani anaanza kuangalia dari. Ila na wewe Prismatic Ending sio kitu cha kukaa mezani na mapleinswoka hawaguswi na hilo fagio, kwa hiyo huumii wewe anaumia yeye tu. Haikua rahisi bei yake na sijutii.

Saidibodi sitaki kuwachosha, ila Consign to Memory weka tatu au nne. Mana moja, inazima uchawi usio na rangi au nguvu inayojiwasha yenyewe, na ukiongeza mana moja inajirudufu, maana yake Eldrazi mkubwa (kiumbe kisicho na rangi) anakuja na ile nguvu yake inayojiwasha anapochezwa, vyote viwili umevizima kwa mana mbili. Zamani dhidi ya Tron, deki ya mana nyingi na madude makubwa, nilikua nakaa na Field of Ruin (ardhi inayovunja ardhi) naomba Mungu.

Kuna hii ya Isochron Scepter na Orim's Chant pia, maana Chant imeingia Modern na Horizons 3, unabandika Chant kwenye Scepter mpinzani hapigi uchawi zamu yake na ukilipia nyongeza hashambulii. Nimeijaribu kwa kadi za kukodi kwenye Magic Online, Magic ya kompyuta. Inafanya kazi, ila mtu akiivunja Scepter umepoteza kadi mbili, na kiukweli mchezo wa hivyo hauna raha hata kwa anayeshinda. Sijanunua. Na hapo niongeze, mlioko nyumbani ambako kadi za mkononi ni shida, hiyo njia ya kukodi kwenye Magic Online ndo ya kupita kabla hujatoa hela, maana Arena, programu nyingine ya Magic, haina Modern.

Vitu viwili vya kuangalia kabla hujaingia duka lolote. Cha kwanza waliofungiwa: kama deki yako ni ya 2020 na ina Mystic Sanctuary itoe, imefungwa tangu Februari 2021, Yorion tangu Oktoba 2022, na The One Ring tangu Desemba 2024, kwa hiyo ukikuta video ya zamani inasifia Ring usikimbilie kununua. Cha pili muda. Raundi ni dakika 50 na baada ya hapo ni zamu tano tu za nyongeza, na deki hii bado inaua polepole, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kufikiria kila Island unayoweka utamaliza ligi na sare kibao. Solitude na Emperor wanasaidia kufunga mchezo mapema kuliko Colonnade ila kasi ya mikono ni yako.

Manunuzi yenyewe, nilichanganya wauzaji wachache kwenye Cardmarket nikachukua Kijerumani na Kiitaliano pale ilipokua rahisi, mashindanoni lugha yoyote inakubalika. Muuzaji mmoja bahasha yake ilichelewa mpaka nikakata tamaa ikaja imekunjwa kona, kwa hiyo Solitude na wenzake lipia posta yenye namba ya kufuatilia, ankomoni ndo ziende kwa bahasha ya kawaida.

Nampa 8 kwa 10. Mbili nimezikata kwa ajili ya bei ya Solitude, na kwa sababu dhidi ya deki ya Amulet Titan bado nakaa kwenye kiti najua nachapwa, hata nikiwa na Consign mbili mkononi. Mwenye dawa ya huyo aniambie kabla ya Ijumaa.