Gobore la kwanza: la gumegume au la fataki?
Mwenye bajeti ndogo achukue la fataki, yaani linalowashwa na kifuniko kidogo chenye kilipuzi kinachogongwa na nyundo ya bunduki. La gumegume, linalowashwa na cheche za jiwe, linavutia, kweli, na jiwe moja hupiga mara nyingi, lakini lile la bei rahisi mara nyingi lina bamba la chuma lisilokomazwa vizuri: jiwe likiligonga, cheche hutoka hafifu, nyekundu, na baruti ya kuwashia haishiki. Tena linadai baruti nyeusi halisi, kwani mbadala wake huhitaji joto kali zaidi. La fataki hukubali zote mbili.

Fataki ikilia na bunduki isifyatuke, subiri dakika nzima mtutu ukielekea shabaha, kisha vika fataki mpya. Ikigoma tena, zibua kwa sindano tundu la pale fataki inapovikwa.

Yote mawili huoshwa siku hiyohiyo kwa maji moto na sabuni. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuleta kutu.