TAHADHARI: Fundi wa sola za maji moto anayezunguka Kigoma, msimtumie hela

Ndugu zangu wa Kigoma, hasa wenye nyumba za wageni, hosteli na zahanati, naomba msome hili kabla hamjatuma hela. Kuna kijana anapita Mwanga, Gungu mpaka Ujiji akijitambulisha kuwa wakala wa kampuni ya sola ya Dar es Salaam. Anavaa fulana yenye nembo, ana picha nyingi za kazi kwenye simu, anaongea kwa adabu na kila neno ni "mama". Jina silitaji kwa kuwa jalada liko polisi, ila mbinu zake nazieleza zote.

Nina vyumba 8. Wageni wakishuka kwenye treni wamechoka wanataka maji ya moto, na mkaa ulikuwa unanimaliza. Akanipigia hesabu ya tangi la lita 300, milioni 3 na laki 2. Alitaka asilimia 70 kwanza, "ya kuchukulia mzigo Kariakoo", na niitume kwenye namba yake mwenyewe, siyo Lipa Namba ya kampuni. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akaniandikia karatasi ya mkono. Nikatuma. Wala sikuangalia BRELA, wanaosajili makampuni, kama hiyo kampuni ipo. Baadaye nimeangalia, haipo.

Mzigo ulifika baada ya wiki 5. Tangi kweli la lita 300, lakini mirija ya vioo, ile inayopasha maji kwa jua, ilikuwa 15 tu. Mwalimu mmoja wa ufundi bomba amenieleza maana yake: mrija wa kawaida, wa milimita 58 kwa mita 1.8, hupasha kama lita 10. Lita 300 zinataka mirija 30. Kwa hiyo hata kama angefunga vizuri, ningeoga vuguvugu.

Na hakufunga vizuri. Alisimamisha mirija saa 3 asubuhi, ikakaa mitupu juani, halafu saa 7 mchana akafungulia maji ya baridi. Mitatu ikapasuka palepale, tukasikia mlio mpaka mapokezi. Mrija mtupu kwenye jua kali hupita nyuzi 150, kioo hakiwezi kuvumilia maji ya baridi ghafla namna hiyo. Maji hujazwa alfajiri, au mirija ifunikwe turubai kwanza. Yeye aliniambia ni ubovu wa kiwandani, akachukua laki 2 na nusu nyingine kuleta mitatu ya kubadilisha. Hiyo mitatu ilikuwa imeshakufa. Mrija mzima una rangi ya fedha inayong'aa kwenye ncha ya chini, kama kioo cha kujitazamia. Hewa ikishaingia katikati ya kuta zake mbili, ile fedha inageuka nyeupe kama chokaa, na joto halikai tena. Kagueni ncha hizo mrija mmoja mmoja kabla haujapanda juu ya bati.

Kilichonitisha zaidi ni hiki. Tangi langu si la presha, linapaswa kuwa na bomba la kupumulia lililo wazi. Kwa kuwa simtanki langu liko juu sana, maji yalikuwa yanamwagika kupitia bomba hilo. Dawa yake ni kulirefusha lipite usawa wa maji ya simtanki. Yeye aliliziba na plagi, na kwenye bomba la maji baridi alikuwa ameshafunga valvu ya kuzuia maji yasirudi. Maji yakipata moto yanatanuka, na hapo hayana pa kwenda. Siku ya tatu tangi lilikuwa limevimba ubavuni. Chini yake ni chumba namba 4, na mgeni alikuwemo amelala.

Bomba la maji moto aliweka PVC, plastiki ya maji baridi, badala ya PPR inayovumilia joto, na mirija ameielekeza kusini, upande wa barabara, ionekane. Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Juni na Julai, wakati wa asubuhi za baridi, jua linapita kaskazini yetu.

Malizio alidai jioni ileile ya kufunga, nikampa. Msifanye hivyo. Fundi anayejua kazi hujaza maji mapema, anafungua koki zote hewa itoke, anakagua viungo, anaacha siku nzima ya jua ipite, kisha anarudi jioni kupima joto la maji mbele yako na kukuonyesha valvu ya kufungia. Hela ya mwisho inatoka baada ya hapo, na mkataba uandike hivyo, pamoja na idadi ya mirija.

Simu yake kwangu haipatikani tena. Nina RB, namba ya taarifa yangu polisi, na kama umelizwa na mtu wa namna hii nenda nawe ukaandikishe kituoni, malalamiko yakiwa mengi jalada linapata uzito. Ukipokea SMS ya kutaka hela ambayo huielewi, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Jana nimeambiwa ameonekana Kasulu, anapita kwenye hosteli za wanafunzi, na bei ameshusha mpaka milioni 2 na nusu.